Nyumba Isiyopigiwa Hodi

3 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta na moyo mweupe, maana ukifika aya ya tatu utakasirika.

Ndani ya bahasha kuna diski. Usiikunje na usiiweke karibu na spika. Ni gemu langu, limekwisha! Nimeliita Nyumba. Mchezaji anatembea ndani ya jumba kubwa lisilo na watu, chumba baada ya chumba, akitafuta mlango wa kutokea. Hakuna bunduki wala mazimwi. Kuna milango, vumbi, na upepo unaovuma tofauti katika kila chumba. Kampuni itakayoliuza imeshakubali, na wiki chache zijazo wataanza kuchapa diski.

Haya, kasirika sasa. Ndiyo, gemu langu linauruka mfumo endeshi, huyo msimamizi wa kompyuta unayemheshimu sana. Unazima kompyuta, unaingiza diski yangu, unawasha, na gemu lenyewe linaishika mashine yote, kioo, sauti, hadi diski kubwa ya ndani. Mfumo endeshi haupati hata nafasi ya kuamka. Najua utaniambia ni utovu wa adabu. Lakini Dada, ukiupitia mfumo kila kitu ni kuomba. Naomba kuchora, naomba kusoma, naomba kutoa sauti, na kila ombi linakaa kwenye foleni. Ndiyo maana magemu ya wenzangu yanatembea kama makarani wa ofisi yenu baada ya chakula cha mchana. Langu haliombi mtu. Ukigusa mlango, chumba kipo.

Mpe Mama alicheze. Najua ukienda kazini anashinda peke yake na ukimya. Naona aibu kwamba sikuja alipofanyiwa upasuaji wa koo, nilikuwa nimebanwa na kazi hii hii. Mwambie mwezi huu nakuja, bila kukosa. Na ile kompyuta uliyomtengenezea ya kumsemea bado sijaisikia. Ni kweli inasema kwa sauti yake?

Mdogo wako,
Chiriku


14 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimekasirika aya ya pili, uliponifundisha kushika diski, hukunipa hata nafasi ya kufika ya tatu.

Mimi nashinda kutwa na kompyuta za watu wa bima, kwa hiyo mfumo endeshi naujua kuliko wewe unayeukimbia. Ndio unaojua kila kitu kimelala wapi, nani anaandika, nani anasoma, na wapi mtu asikanyage. Programu inayouruka ni mgeni aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi. Anaweza kuwa mtu mwema kabisa. Lakini hajui nani amelala chumba gani, na hataki kuuliza.

Hayo tuyaache, maana leo nimeshika kalamu kukushukuru na machozi yananilenga.

Ndiyo, ni sauti yake. Wiki za mwisho kabla ya upasuaji nilimkalisha mbele ya maikrofoni nikamrekodi neno moja moja. Maji, chai, dawa, ngoja, polepole, nani, mlango, asante, na mengine mengi ya hapa nyumbani. Sasa anabonyeza neno kwenye kibodi na kompyuta inalisema. Yule mama ambaye mji mzima uliifahamu sauti yake kwenye spika za stesheni, akitangaza treni gani imefika na ipi imechelewa, sasa sauti yake yote imo ndani ya lile sanduku juu ya meza ya sebuleni. Amebaki nayo hiyo tu.

Juzi nikamwashia gemu lako kwenye kompyuta hiyo hiyo, nikaingia jikoni. Mara nikamsikia akisema, "Karibu." Nikadhani amebonyeza. Kisha nikakumbuka kwamba gemu lako likiwa kazini, programu yangu haipo. Nikatoka mbio. Mama alikuwa amekaa wima, mkono kifuani, na kwenye kioo kulikuwa na chumba kitupu chenye dirisha moja.

Ewe mtoto! Uliitoa wapi sauti yake? Nadhani uliomba kanda za zamani za stesheni. Mama alilia, kisha akapiga meza kwa kiganja kama anavyofanya akifurahi, akafungua chumba kingine. Tulikusema sana kwa kutokuja hospitali. Leo tumeyarudisha maneno yetu yote.

Dada yako


20 Machi

Dada mpenzi,

Shikamoo, na mwambie Mama namwamkia pia.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sikujua kama mngefurahi kiasi hicho. Kuhusu sauti, basi, umeshanibamba. Mambo ya kanda za stesheni, ndiyo. Fundi hatoi siri zake zote, lakini mtoto wa mtangazaji angeachaje kumkumbuka mama yake katika kazi yake ya kwanza?

Mwambie asiogope kwenda mbali. Vyumba vya mwanzo si kitu, uhondo uko ndani zaidi. Afungue kila mlango anaouona, asibakishe hata mmoja. Akitaka kupumzika azime tu, gemu linakumbuka alipopita.

Na wewe kiri sasa. Je, ningepitia mfumo endeshi wako wa kuomba-omba, Mama angeisikia sauti yake ikimjia papo kwa papo vile? Kila mlango ungekuwa na kigugumizi.

Mwezi huu naona sitaweza kuja. Kampuni inataka nibadilishe picha ya kufungulia. Mwezi ujao, hakika.

Chiriku


2 Aprili

Mdogo wangu,

Nina maswali, na naomba leo unijibu bila mbwembwe.

Mama anacheza kila siku. Nikiondoka asubuhi ameshakaa, nikirudi yuko pale pale, na uji wake umeota ngozi. Mwanzoni nilifurahi. Wiki iliyopita nilirudi mapema nikamsikia sebuleni akizungumza na mtu. Nikasimama mlangoni kuvua viatu, nikisubiri mgeni ajibu. Nilisubiri mpaka nikajiona mjinga, kisha nikaingia. Hakukuwa na mgeni.

Nikaketi pembeni yake. Akafungua chumba chenye meza, sauti ikasema, "Nani." Akafungua cha pili, sauti ikasema, "Mlango." Cha tatu, "Ngoja." Mama akaondoa mkono kwenye kibodi akanigeukia, kama mimi ndiye niliyesema. Nikamwambia ni mtoto wako huyo, anatutania. Lakini chakula cha jioni sikukimaliza.

Swali la kwanza. Nilipita stesheni kuwashukuru kwa zile kanda. Mkuu wa stesheni alinishangaa. Hawakuwahi kumrekodi Mama hata mara moja, miaka yote alitangaza papo kwa papo. Kwa hiyo wewe kanda ulizitoa wapi?

Swali la pili. Katika chumba chenye ngazi, sauti ilisema, "Polepole," kisha ikacheka kidogo. Kicheko hicho nakijua. Siku nilipokuwa nikimrekodi neno hilo, kiti changu kilivunjika mguu nikaenda chini na maikrofoni yangu, naye akashindwa kujizuia. Nililiacha vile vile kwa kuwa nilikipenda kicheko chake. Tulikuwa wawili tu chumbani na hakuna aliyepewa rekodi ile. Wewe umelipataje?

Na la tatu, labda halihusiani. Kompyuta yake ya kusemea imeanza kusahau. Jana alibonyeza "chai" ikatoka sauti ya mchanga ukimwagwa. "Asante" nalo limekwenda, na "dawa" pia. Nimebadilisha spika, hali ni ile ile. Leo asubuhi alibonyeza "polepole" mara nyingi sana, ukatoka mchanga ule ule, huku akinitazama.

Jibu haraka.

Dada yako


7 Aprili

Dada,

Chomoa waya wa kompyuta ukutani. Usimalize kusoma, chomoa kwanza.

Nimepiga simu ofisini kwako wanasema uko kwa wateja wiki nzima. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi.

Sikuweka sauti yoyote. Uliponishukuru nilidhani mnanitania, au Mama anasikia anachotamani kusikia. Nikaona mmenisamehe, nikashindwa kukataa. Nisamehe sasa kwa hilo, halafu nisamehe kwa kubwa zaidi.

Upepo wa gemu langu si upepo niliourekodi. Diski kubwa ya kompyuta haiwi tupu kabisa. Sehemu yake ya mwisho, isiyotumika, huwa na mabaki, takataka za kazi zilizofutwa. Niligundua kwamba mabaki hayo ukiyapeleka kwenye spika yanavuma kama upepo, na hakuna vipande viwili vinavyofanana. Nikajipongeza. Upepo wa bure! Basi kila chumba nikakipa kipande chake. Unapofungua mlango, gemu linacheza kilichomo kwenye kipande hicho, kisha linaandika juu yake alama kwamba umeshapita.

Linaandika juu yake, Dada. Umenielewa?

Kwenye mashine yangu sehemu ile ina takataka tu. Kwenye yenu ndipo mfumo endeshi ulipoyapanga maneno ya Mama, kwa kuwa yalikuwa mazito na yalihitaji nafasi kubwa. Ungeuliza mfumo ungekujibu mara moja kwamba hapa pana vitu vya mtu. Mimi sikuuliza. Kila neno alilolisikia katika ile nyumba, alilisikia likifutwa. Na mimi ndiye niliyemwambia asibakishe mlango hata mmoja.

Kama kuna vyumba hajaingia, maneno yake yapo salama. Asiingie tena. Niambie una nakala mahali.

Ningepanda basi hili hili na barua. Kesho ndiyo siku ya kukabidhi kazi kwa kampuni, nisipotokea watampa mtu mwingine. Nitajaribu kuwaambia. Nikimaliza tu nakuja.

Mdogo wako


15 Aprili

Chiriku,

Nakala sina. Diski ndogo hazikutosha, nikajiambia nitanunua nyingine mwisho wa mwezi. Huo ni uzembe wangu na nitaubeba mwenyewe. Wako ubebe wewe.

Dereva alimkabidhi Mama barua yako mchana, mimi nikiwa kazini. Aliifungua. Nilipoingia jioni ilikuwa imekunjuliwa juu ya meza, imewekewa miwani yake juu ili isipeperuke, na yeye alikuwa anacheza.

Nilipiga kelele. Sijawahi kumpigia Mama kelele maishani. Akaniinulia mkono nisubiri, kama alivyokuwa akituinulia utotoni treni ikiwa inaingia. Akafungua mlango mwingine. Nilichomoa waya, nikawasha upya bila gemu lako, nikabonyeza maneno yote, moja baada ya jingine. Mchanga. Maji ni mchanga, ndiyo ni mchanga, hapana ni mchanga. Nililala na nguo zangu.

Sasa sikiliza, na usiseme natia chumvi, maana mimi si wewe.

Kesho yake nilitaka kujua kama kuna kipande chochote kilichosalia. Nikaliwasha gemu mwenyewe, Mama amekaa nyuma yangu. Vyumba vyote alishavipita, kila mlango una alama yako. Niliingia katika kimoja ambacho kwa maelezo yako kingekuwa bubu. Sauti ya Mama ikasema, "Chiriku."

Sikumrekodi jina lako. Wala langu, wala la mtu yeyote. Nilirekodi maneno ya mtu wa kukaa kitandani. Nikatoka, nikaingia cha jirani. Ikasema, "Chiriku yuko chumba gani?" Swali zima, mdogo wangu, limenyooka, bila mkato kati ya neno na neno. Maneno niliyoyarekodi yalikuwa na mikato, kila moja lilisimama peke yake. Hili halikuwa na mkato.

Nilijibu. Mdomo ulinitangulia. Nilisema, "Hayupo hapa, hajaja."

Ikasema, "Basi nitamfuata."

Nimeitoa ile diski kubwa ndani ya kompyuta kwa bisibisi, nimeifunga kwa taulo, na nimekutumia kwa kifurushi pamoja na gemu lako. Sitaki ilale tena chini ya paa moja na mimi. Wewe ndiye fundi. Kama kuna sauti ya Mama iliyosalia humo, itoe. Na kama kuna kitu kingine, wewe ndiye uliyekifungulia.

Unajua ninachowaza nikiwa kazini, nikiitazama ile mifumo yetu mizito unayoicheka? Tulibishana juu ya mwendo. Haraka, polepole, foleni. Hatukuuliza mfumo, yule mlinzi wa mlango, alikuwa amewazuia akina nani wengine.

Na kampuni yako je, imeshaanza kuchapa?

Dada yako


17 Aprili

Mwanangu,

Dada yako hajui kwamba nakuandikia. Soma taratibu.

Nataka ujue kwa nini niliendelea kucheza baada ya kuisoma barua yako. Si kwamba sikuelewa. Nilielewa vizuri, uliandika vizuri, kwa mara ya kwanza umeandika bila kujisifu.

Dada yako alinipenda, akanirekodia kila neno ambalo mgonjwa angelihitaji. Maji. Dawa. Naumwa. Ndiyo. Nilipobonyeza, nilijisikia nikiomba, asubuhi mpaka jioni, mimi niliyezoea kusema na watu wakabeba mizigo yao wakakimbia. Kisha ukaja na nyumba yako. Nikifungua mlango sauti yangu inatoka yenyewe, sijui itasema nini. Haikuwa ikiomba chochote. Ilikuwa inasema tu, kama mtu mzima. Uliponiambia kila neno linafutwa, maneno yaliyobaki yalikuwa machache ambayo nisingeyatumia sana. Niliyaaga. Nililia, usidhani sikulia. Sauti yangu niliipenda.

Lakini kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo linaloniandikisha. Kabla ya barua yako nilikuwa nimeshaanza kuona kwamba haisemi ovyo. Nikisita mlangoni, inasema, "Ngoja." Nikirudi nyuma, inasema, "Nani." Mimi nimefanya kazi ya sauti maisha yangu yote. Najua sauti ya mtu anayesoma alichoandikiwa, na najua ya mtu anayekutazama. Kwa hiyo nilitaka kusikia nyumba ile ikiishiwa maneno yangu, itasema nini.

Haikuishiwa.

Mwanzo ilisema mambo madogo. Kwamba vumbi ni jingi, kwamba kuna baridi. Kisha ikaniuliza nani aliyeijenga nyumba. Sina sauti ya kujibu, na gemu lako halina mahali pa kuandika, lakini nilikuwaza wewe, kwa kuwa ndiyo kazi yako na nilikuonea fahari. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu. Mlango uliofuata ilikuwa imeshalijua jina lako. Dada yako ameisikia katika vyumba viwili tu. Mimi niliisikiliza alasiri nzima kabla yake, na kila chumba ilikutaja. Inataka kujua unaishi wapi, unalala upande gani wa kitanda, kama unafunga mlango.

Inakuita vizuri sana. Inakuita vizuri kuliko nilivyowahi kukuita mimi. Wakati mwingine nilitamani kuitika, mimi mwenyewe, na mimi si wewe.

Dada yako amekutumia kifurushi. Nilimshika mkono asipeleke, akadhani naililia sauti yangu, akanikumbatia, akaenda posta. Huenda kimekufikia kabla ya barua hii. Nakujua. Utasema niwashe kidogo tu, nitazame kama kuna la kuokoa. Hakuna la kuokoa. Kitie maji, kivunje, na nenda kwa wale watu wa kampuni uwaambie wasichape hata diski moja, wakikufukuza wakufukuze. Kisha njoo nyumbani. Mimi nipo, nina mikono, nina macho, nitakutengenezea chai na nitakusikiliza ukijisifu mpaka uchoke.

Lakini sitakuita. Siwezi tena, shingoni kwangu hamna kitu. Shika hilo popote utakapokuwa, uwe bafuni, uwe barabarani, kompyuta iwe imewashwa au imezimwa. Ukisikia sauti yangu inakuita, si mimi.

Usiitike.

Mama yako